Vitasa vya Mrengo wa Magharibi

Hebu niambie kwanza, kitasa cha mlango wa nyumba yenu ni cha kuzungusha au cha kubonyeza? Usinicheke. Inuka ukakitazame, mimi nipo. Kama ni kile cha mviringo, cha kung'aa, kinachodai kiganja kizima na vidole vitano, basi fundi wenu hakuwahi kufikiria kwamba siku moja mtu asiye na vidole angetaka kuingia humo. Au kutoka.

Mimi haya nayajua kwa sababu nimeyasomea. Ndiyo, yanasomewa. Historia ya majengo, chuo kikuu cha jimbo, kofia ya mraba, picha, watu wakilia. Nikajifunza kwa nini dirisha liko pale na si hapa, halafu nikarudi kando ya mto kulala kwenye kochi la Shangazi Odalie na kuandika barua za kuomba kazi. Sikukataliwa. Kukataliwa kungekuwa heshima. Sikujibiwa tu. Kwetu ama unaajiriwa na viwanda vya kemikali vilivyojipanga mtoni, ama unakaa barazani unavuta moshi wao bure. Binamu yangu Ferrel, mtoto wa Shangazi, dereva wa lori la miwa, alinibatiza Profesa. "Haya Profesa, leo umegundua dirisha gani?" Kila jioni, sentensi ileile, mpaka hasira yangu yenyewe ikachoka ikakaa chini.

Kwa hiyo kampuni iliponipigia simu, nilisema ndiyo kabla hawajamaliza kujitambulisha.

Walikuwa wamenunua Belle Attente. Jina hilo ni Kifaransa cha mababu, maana yake subira njema, na shamba la miwa lilipewa kabla halijawa hospitali. Watumwa walisubiri pale. Kisha wagonjwa wa ukoma wakasubiri pale, miaka na miaka, mpaka dawa ikapatikana na serikali ikaona gharama haina maana, ikafunga. Sasa wageni wa hoteli wangesubiri pale vinywaji vyao. Kazi yangu ilikuwa kuandika historia fupi ya jengo, itiwe kwenye fremu, itundikwe ukutani karibu na baa.

Msimamizi wa mradi, Bi. Prentiss kutoka Atlanta, alinipa masharti akitabasamu. Neno ukoma lisionekane. Mgonjwa aitwe mkazi. Uzio usitajwe.

"Wageni wetu wanakuja kupumzika, Clovis," alisema. "Waachie yaliyo mazuri."

Haya, mazuri. Nyumba zote za Belle Attente zimeunganishwa kwa korido moja ndefu ya ghorofa mbili, yenye paa la bati na wavu wa mbu pande zote, zikaning'inia humo kama shanga kwenye uzi. Mtu angeweza kutoka kitandani kwenda kula, kwenda kusali, kwenda kufa, asiguswe na jua wala mvua. Wapiga picha wanaipenda. Lakini mimi nilifundishwa kutazama mahali msumari ulipopigiwa. Ule wavu umepigiliwa kwa nje. Chumba cha wageni kina meza moja, pana kuliko mikono miwili ya binadamu ikinyooshwa, ili mume na mke wakikaa pande mbili wasigusane. Kanisa dogo lina milango miwili, wa wazima unatazama barabara, wa wagonjwa unatazama mto. Watu watakwambia tuliwatunza vizuri sana. Waulize komeo liko upande gani.

Kitu kimoja tu katika jengo lile kilijengwa na mtu aliyewatazama wenzake mikononi. Vitasa. Chuma bapa, kirefu, kilichopinda kidogo kuelekea chini, kimefungwa chini ya kimo cha kawaida, ili asiye na vidole, au mwenye vidole visivyohisi kitu, abonyeze kwa kiwiko. Unaegemea, kinashuka, kla, mlango unaachia. Juu vimelika vyote, vimekuwa laini kama kijiwe cha mtoni.

Wiki yangu ya kwanza pale, mafundi walianza kuving'oa. Walianzia mrengo wa magharibi. Badala yake wakaweka vya mviringo, vya shaba, vipya vilivyotengenezwa vionekane vya kale, pamoja na makufuli mapya, kwa sababu mgeni anapolipia nyumba ya kitajiri ya zamani anataka kushika kitu cha kitajiri. Nikamwambia Bi. Prentiss kwamba mrengo ule haujawahi kuwa na vitasa hivyo tangu ujengwe.

"Mpenzi," akasema bila kuinua macho, "nani atajua?"

Sasa nimlete Shangazi.

Bibi yangu mzaa baba alichukuliwa nyumbani baba akiwa anatambaa. Ilitosha doa shavuni na jirani mwenye mdomo. Alikuwa na mimba. Mtoto akazaliwa ndani ya uzio, na siku hiyohiyo akaondolewa, maana ndivyo ilivyokuwa desturi, akaletwa kwa babu kwenye kapu la nguo. Ndiye Shangazi. Bibi aliitwa Odalie, na kwa kuwa jina hilo lilikuwa limebaki nyumbani halina mwenyewe, mtoto akapewa, lisikae bure.

Lilibaki nyumbani kwa sababu langoni pa Belle Attente mtu aliacha jina lake. Alijitafutia jingine, la gazetini, la kopo la maziwa, lolote, ili kwao wasichomewe nyumba. Bibi alijichagulia lake, na sisi hatukuwahi kulijua. Hata jiwe la kaburi linaandikwa hilo la kujitafutia. Ukienda kwenye makaburi yao chini ya mipekani, ile miti mikubwa ya kokwa, utaona mawe safi, yamepangwa vizuri, na hakuna hata moja linalosema kweli.

Shangazi alitaka jambo moja duniani. Kumtoa mama yake pale, amlaze katika kaburi la familia kanisani, chini ya jina lake. Daktari alikuwa ameshamwambia moyo wake umechoka. "Hata mimi nimechoka nao," alimjibu. Lakini angemtafuta vipi, na hajui amwulizie kwa jina gani?

Na kulikuwa na mwiko. Watoto wa kila mahali hufundishwa kwamba ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Sisi wa kando ya mto tulifundishwa kinyume chake. Usiite. Ndani ya uzio wa Belle Attente, hata ukimtembelea mama yako mzazi, ulimwita sha, mpenzi, basi. Jina la nyumbani halikutamkwa. Mwanzoni ilikuwa kuficha siri. Baadaye watu wakaanza kusema jambo jingine, kwamba aliye ndani akisikia jina la nyumbani atajua amefuatwa. Atafunga mzigo wake. Atakuja.

Jumamosi ninayoisimulia ilianza kama Jumamosi yoyote. Shangazi alikaanga kambare, akamgombeza Ferrel kwa buti zake sebuleni, akanywa kahawa yake ya chikori hadi machicha. Bi. Prentiss alikuwa amekwenda kwao Atlanta, nami nilikuwa nimeahidi kumpeleka Shangazi akaione ile nyumba kabla haijageuzwa baa. Akatoka chumbani amevaa gauni lake la kijivu la kanisani.

"Mama," Ferrel akasema, "tunakwenda kwenye gofu la hospitali, si ubatizo."

"Nakwenda kwa mama yangu. Ulitaka nivae ndara?"

Mlinzi wa zamu alikuwa Numa, mtu wa huku kwetu, mnene, mpole, mfuko wa shati umejaa karanga za kuchemsha. Akatuambia tusikawie maana mvua inakuja, na tusiguse rangi mbichi. Akamshika Shangazi mkono kwenye ngazi. Mtu aliyelelewa vizuri, Numa. Kumbuka hilo.

Katika chumba cha wageni Shangazi alikaa kwenye ile meza. Akaunyoosha mkono juu yake, taratibu, mpaka bega likagoma. Haukufika upande wa pili. Akauacha hapohapo.

"Niacheni kidogo," alisema. "Nipumue."

Tukamwacha. Numa alitaka kumwonyesha Ferrel jiko jipya, na Ferrel alitaka kuniambia mbele ya shahidi kwamba jiko hilo limegharimu kuliko elimu yangu na lina kazi. Tukiwa humo mvua ikaanguka. Mvua ya Agosti, ile inayofanya alasiri iwe kama magharibi kwa dakika moja, bati likipiga kelele hata hujisikii. Iliponyamaza kidogo tukarudi.

Kiti kilikuwa kitupu. Mkoba wake ulikuwa juu ya meza.

Kwetu mwanamke mtu mzima haitwi jina tupu. Unatanguliza Mis, halafu jina lake la kwanza. Ndiyo adabu, na mtoto asiyeijua hula kofi. Numa aliujua mwiko kama sisi, lakini hakujua Shangazi alirithi jina la nani. Alichojua ni adabu. Akaweka viganja mdomoni, akaita kwenye ile korido ndefu:

"Mis Odalie!"

Mvua ikapita juu ya bati.

"Niko hapa."

Ilitoka mrengo wa magharibi. Sauti ya kike. Haikuwa na hofu, haikuwa na furaha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama foleni tangu asubuhi na sasa hata miguu haimuumi tena. Ferrel akashusha pumzi, akacheka, "Mama huyu atatuua," tukaanza kwenda kumfuata. Tulikuwa tumefika katikati ya korido tulipomsikia nyuma yetu.

"Mnakwenda wapi?"

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa kanisa dogo, ule wa wagonjwa, rozari mkononi. Alitutazama sote watatu. Akaishia kwa Numa.

"Nani ameita?" akanong'ona.

Numa akainua mkono kidogo. Ganda la karanga lilikuwa limemkwama mdomoni. Na mbele yetu, mahali ambapo Shangazi hakuwepo, sauti ikarudia.

"Niko hapa."

Halafu, kla.

Kitasa cha mkono wetu wa kushoto. Nilikiona. Kilishuka polepole, kama kinaegemewa na mtu asiye na haraka. Mlango ukaachia. Hakutoka mtu. Kla. Wa pili. Kla, ghorofani, juu ya vichwa vyetu. Kla. Kla. Mmoja baada ya mwingine, juu na chini, korido nzima. Na kila mlango ulikuwa na sauti yake. Ya mwanamume. Ya mwanamke. Nyingine ndogo, ya mtoto. Chini chini. Bila kugombania.

"Niko hapa."

"Niko hapa."

"Niko hapa."

Tangu uzio ule ujengwe hakuna aliyewahi kuitwa. Sasa lilikuwa limeitwa jina moja tu. Wote wakaliitikia.

Wavu wa mbu ukabonyea kuelekea nje. Hapa. Na pale. Kwenye kimo cha bega, kama unapopumzisha bega baada ya kusimama sana.

"Mama," Ferrel alisema. Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Gari. Twende."

Shangazi hakwenda kwenye gari. Alitupita. Akatembea kuelekea magharibi kwa hatua zake za mgonjwa wa moyo, ameshika gauni lisiguse sakafu, na kila mlango uliofunguka aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepenya kwenye benchi la kanisa watu wakiwa wameshakaa.

"Samahani," alikuwa akinong'ona. "Samahani, sha. Siyo wewe. Samahani."

Tulimfuata. Nani angebaki?

Mrengo wa magharibi ulinuka rangi. Milango yake haikufunguka. Hapakuwa na kla. Vitasa vya shaba vilikuwa vinang'aa katika giza lile la mvua, na vilikuwa vinatikisika. Nyuma ya kila mlango kitu kilikuwa kinaegemea. Kinateleza. Kinaegemea tena. Polepole. Kwa subira. Njema.

Kwenye mlango wa mwisho Shangazi akaweka sikio.

"Mama?"

Kisha, karibu sana na ubao:

"Mlango hausikii kiwiko."

"Nafungua, mama. Nafungua." Akakishika kitasa kwa mikono miwili. Kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo. Numa akajaribu funguo zake zote, zikilia kama njuga, na hakuna iliyoingia, kwa sababu funguo za makufuli mapya alikuwa nazo Bi. Prentiss, Atlanta. Ferrel akaupiga mlango bega. Mbao zile ngumu za miti ya kinamasi hazipigwi bega. Akapiga tena. Nyuma yetu, kwenye korido, magurudumu ya viti vya wagonjwa yalikuwa yameanza kusogea. Hayakuwa na kasi. Yalikuja tu.

Shangazi akaegemeza paji la uso kwenye ubao.

"Hapa wanakuitaje, mama?"

"Ruth." Sauti ilipumzika. "Ruth Meadows." Kisha, kama mtu aliyekumbuka adabu, ikauliza, "Na wewe ni nani?"

"Mimi Odalie."

Kitasa kikaacha kutikisika. Vyote vikaacha.

"Hapana," ikasema sauti. "Odalie ni mimi."

Shangazi akateleza chini. Ferrel alimbeba mikononi kama mtoto, tukarudi kupitia katikati ya korido ileile, maana hakuna njia nyingine, jengo lilijengwa pasiwe na njia nyingine. Nilitazama sakafu tu. Hakuna aliyetugusa. Hakuna aliyetukimbiza. Walitupisha. Halafu nyuma yetu magurudumu yakageuka, na nyayo, nyayo nyingi nzito zisizoinuka vizuri, zikaja zikitufuata kwa mwendo wa watu wanaotoka ibadani.

Ungetaka niishie hapo. Hata mimi.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda makaburini kwao. Jiwe lipo. Liko safu ya nyuma, karibu na tuta la mto, limeinama kidogo. Ruth Meadows. Shangazi akapiga magoti, akafuta kuvu kwa kitambaa chake. Kesho yake akaenda ofisi ya serikali inayosimamia makaburi yale kuomba kibali cha kumtoa. Kijana wa dirishani alimuuliza ana uthibitisho gani kwamba Ruth Meadows ni mama yake.

"Aliniambia mwenyewe," Shangazi akasema.

Kijana akatabasamu. Akauliza lini. Akaeleza kwamba majina halisi ya wagonjwa wote wanayo, yamehifadhiwa, lakini hayafunguliwi, kwa kulinda heshima ya wagonjwa. Heshima, jamani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Shangazi nimeshika mkoba wake, na neno hilo likanipita kama mwiba wa samaki.

Mchana huohuo nilikwenda kazini. Bi. Prentiss alikuwa amerudi na wawekezaji wake, watu wa suti za rangi ya krimu. Nikamwomba afungue chumba cha mwisho cha mrengo wa magharibi. Alifungua kwa kunionea huruma. Kilikuwa kitupu. Rangi nyeupe, dirisha, sakafu iliyosuguliwa. Nikamwambia atazame kitasa cha upande wa ndani.

Kilikuwa na umri wa siku chache. Upande wa juu shaba ilikuwa imelika. Imekuwa bapa. Laini kama kijiwe cha mtoni.

Bi. Prentiss alipitisha kidole juu yake. Kisha akasema kiwanda kimekosea, ataagiza kingine. Nikamuuliza kama atarudisha vya zamani. Akasema vya mviringo ndivyo vilivyoko kwenye picha za tangazo. Hapo ndipo nilipotaja ukoma kwa sauti, mbele ya suti za krimu, mara kadhaa na kwa viambishi mbalimbali, na hapo ndipo kazi yangu ilipokwisha. Mlango ukafungwa. Nilisikia ufunguo.

Kufika nyumbani, nilikuta Shangazi ameketi sebuleni, anautazama mlango wetu wa mbele. Ferrel alikuwa amesimama ukutani, mgongo umebanwa.

"Sikiliza," Ferrel akanong'ona.

Jua lilikuwa bado liko juu. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira. Barazani hapakuwa na mtu, niliona mwenyewe kupitia dirishani. Na kitasa chetu, cha mviringo, cha kawaida, cha duka la vifaa, kilikuwa kinatikisika. Kitu kinaegemea. Kinateleza. Kinaegemea tena.

"Toa hicho kitasa," Shangazi alimwambia mwanawe. "Weka cha kubonyeza. Chini kidogo. Kimo cha kiwiko."

Ferrel hakufanya mzaha. Alikwenda dukani, akarudi, akakifunga, akaingia ndani, akakaa kando yangu kwenye kochi. Tukasubiri. Haikuchukua muda.

Kla.

Mlango ukafunguka kwa upana wa bega. Joto la nje likaingia, na harufu ya dawa ya zamani ya hospitali, ile ya mafuta.

"Nani?" Shangazi akauliza. Alikuwa ameshikilia mikono ya kiti. Uso wake sikutaka kuutazama, ulikuwa wa mtoto.

"Mary Lake," ikasema sauti, kwa uchovu.

Shangazi akafumba macho. Kisha akavuta pumzi.

"Siyo wewe," alisema. "Lakini ingia, sha. Keti."

Ndivyo ilivyo tangu siku hiyo. Huja alasiri, wakati wa kahawa. Kla. Nani? Wakati mwingine ni John kitu fulani, wakati mwingine Pearl, wakati mwingine mtoto asiyejua hata jina la kujitafutia. Hatuwaoni. Mto wa kiti unabonyea. Kikombe kinapoa bila kupungua. Hawatutishi tena, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba mtu anazoea. Ferrel ameacha kuniita Profesa. Anarudi kutoka kazini, anavua buti nje, anauliza leo wamekuja wangapi, anasimama kwa kukosa pa kukaa. Shangazi anapika sufuria kubwa ya maharage mekundu asiyeyala mtu. Kila kitasa kinaposhuka, moyo ule uliochoka unasimama kwenda kumpokea mama yake, na kila mara unakaa tena. Daktari anasema hajui unatembea kwa nini. Mimi najua. Anasubiri jina moja. Na wanaokuja wote ni wa mrengo wa mashariki, ambao vitasa vyake havijang'olewa.

Ukipita kwetu kitazame kile kitasa, ni kipya, risiti ipo. Juu kimelika hadi chuma kimekuwa chembamba kama kijiko.

Sasa nawageukia nyinyi. Wewe Bi. Prentiss na suti zako. Nyinyi mnaolinda heshima kwa kufuli. Kazi sitaki, fremu yenu wekeni maneno mnayotaka. Majina mnayo. Chukueni majina hayo, nendeni mkasimame katikati ya ile korido mchana kweupe, muwaite mmoja mmoja, kila mtu kwa jina alilopewa na mama yake, kila mtu ajue amefuatwa aende kwao, maana nyumba ya Shangazi ina vyumba viwili na watu wamechoka. Lakini kabla ya hayo, leo, kabla hamjala, rudisheni vile vitasa vya mrengo wa magharibi. Mama wa mtu yuko nyuma ya mlango, na mlango hausikii kiwiko.